Zana Zisizo na Wenyewe

Mhadhara kwa wakazi wa Lunyo, Busia

Nimeitwa Lunyo kuzungumzia jambo ninalolipenda kwa moyo wote: namna ya kutambua kazi ya chombo ambacho mwenyewe hayupo tena wa kutuambia alikitumia vipi.

Mtu anayelima kwenye miteremko ya vilima vya Samia, awe upande huu wetu wa Uganda au ule wa Funyula, Kenya, mara nyingine jembe lake hugonga kipande cha udongo uliochomwa, kinene cha kujaza kiganja, chenye tundu katikati. Upande mmoja ni mwekundu na mkavu. Upande wa pili umeyeyuka ukawa kioo cheusi chenye rangi ya kijani kwa mbali. Utasikia mmoja akisema ni kiko cha marehemu fulani. Mwingine atasema ni shingo ya mtungi. Mtoto hukirusha kichakani, na habari yake inaishia hapo.

Tukitazame kwa utulivu kipande hicho. Tundu linatuambia kuwa kuna kitu kilipita ndani, hewa au maji. Kioo kinatuambia juu ya moto, na si moto wa jikoni wala wa mfinyanzi, kwa sababu udongo wa kawaida hauyeyuki namna hiyo mpaka joto likaribie nyuzi 1,200. Kwa kuwa ni mwisho mmoja tu ulioyeyuka, mwisho huo ulikuwa ndani ya moto na mwingine ulibaki nje. Tazama tena matone ya kile kioo: yameteremka kuelekea upande mmoja. Ukikishika kipande hivi hata matone yakaelekea chini, umepata mshazari uleule ambao bomba lililazwa siku ile ya kazi. Kisha inuka, zunguka shamba. Kama karibu pana mabonge meusi, mazito kuliko jiwe la ukubwa uleule, yenye mikunjo ya kitu kilichotiririka kikaganda, hayo ni mavi ya chuma. Hapo huna haja ya kubahatisha. Umesimama mahali palipokuwa na tanuru la kuyeyushia chuma, na mkononi umeshika bomba lililopeleka pumzi ya mivukuto ndani ya makaa.

Nimeanza na kipande hiki kwa sababu ni cha hapa kwetu. Vilima vya Samia vina mawe yenye chuma, na wahunzi wake walivuma kote mashariki mwa Ziwa Victoria. Majembe yao yalifika kwa Wajaluo na kwa jamii nyingine za jirani, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka, yakatolewa mahari. C. W. Hobley, aliyekuja Mumias mwaka 1895 kuwa mtawala wa eneo la Kavirondo, alichapisha mwaka 1902 utafiti wake juu ya watu wa Uganda ya Mashariki, na wakati alipokusanya habari zake Mumias yenyewe ilihesabiwa kuwa Uganda. Aprili mwaka huohuo wa 1902 mkoa wote wa Mashariki, Mumias ikiwemo, ukahamishiwa Protektoreti ya Afrika Mashariki (Kenya ya leo), na mpaka ukaja kupita kwenye mito ya Sio na Malaba. Wahunzi wa ukoo mmoja wakajikuta wa nchi mbili. Tangu hapo anayetaka kujua zana zao hana budi kusoma pande zote mbili. Upande wa Uganda kuna kitabu cha Margaret Trowell na Klaus Wachsmann cha mwaka 1953 juu ya kazi za mikono, kilichojaa michoro ya majembe, mivukuto, mitego na ala za muziki. Upande wa Kenya kuna utafiti wa Jean Brown juu ya wahunzi wa jadi. Shule yoyote ya hapa mpakani ingestahili kuwa na vyote viwili kwenye rafu moja.

Sasa jembe lenyewe. Majembe ya zamani ya nchi hizi hayakuwa na tundu la kupitishia mpini kama haya tunayonunua dukani. Bamba lilikuwa na mkia, na mkia ule ulifungwa au kuchomekwa kwenye mti wenye kiwiko. Jembe jipya lilitoka kwa mhunzi likiwa pana na refu. Likalima msimu wa kwanza, wa pili, wa tano. Udongo wetu una changarawe, na changarawe hula chuma. Kila msimu bamba lilipungua, na halikupungua sawasawa: anayelima kwa mkono wa kulia hula kona moja zaidi ya nyingine. Mwishowe kikabaki kipande chembamba kilichopinda, na hicho nacho hakikutupwa. Kikawa cha kupalilia, kikawa cha kukwangua ngozi, au kikarudi kwa mhunzi kikafuliwa kisu.

Sasa fikiria mtu wa leo anaokota kile kipande cha mwisho. Anaona umbo la ajabu, anasema: hii ni silaha, au ni kifaa cha mganga. Amekosea kwa sababu amedhani umbo analoliona ndilo umbo lililokusudiwa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, na ndilo ninalotaka mlikumbuke kuliko jingine. Chombo cha kale kinatufikia kikiwa kimeliwa, kimevunjika, kimetengenezwa upya, pengine kimebadilishiwa kazi mara mbili au tatu. Kabla ya kuuliza kilifanya kazi gani, uliza kwanza kimepungua nini. Pitisha kidole ukingoni. Mahali palipolainika pamekutana na kitu. Mahali palipobaki na alama za nyundo hapakuguswa.

Mrusi mmoja, Sergei Semenov, aliligeuza jambo hili kuwa elimu kamili. Mwaka 1957 alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba ukitazama ukingo wa zana ya jiwe kwa darubini, mikwaruzo yake inasema ilikata nyama, ilichonga mti au ilikwangua ngozi. Mwaka 1981 Lawrence Keeley na Nicholas Toth wakatumia njia ya namna hiyo kwa mawe ya Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Katika machache waliyoyachunguza wakakuta yaliyokata nyama, yaliyofanya kazi ya mti, na yaliyokata majani laini. Milioni moja na nusu, na bado alama ya kazi ilikuwa haijafutika! Basi jembe la babu yako litashindwaje kusema?

Na chombo kisichochakaa nacho kinasema. Jembe la kihunzi likikutwa zima, ncha kamili, bila hata mkwaruzo, usikimbilie kusema lilipotea kabla ya kutumika. Huenda halikufuliwa ili lilime. Lilikuwa mali, likingoja kwenda kwa wakwe. Huko Ulaya kuna vitu vya shaba vya Warumi, vya mviringo, vyenye nyuso 12 na matundu ya ukubwa mbalimbali. Vimekwisha patikana zaidi ya mia moja, na wataalamu wamevipa kazi nyingi mno, kuanzia vipimo vya shambani hadi vishikio vya mishumaa. Wanaovisoma kwa makini hurudi kwenye jambo moja: matundu yale hayaonyeshi kusuguliwa na kazi ya kila siku. Hoja hiyo peke yake inaangusha nusu ya makisio.

Naingia sasa katika habari ninayoipenda kuliko zote, na naomba wazee mnisikilize kwa karibu, kwa kuwa inawahusu.

Mnaijua mirija ya malwa. Chungu katikati, watu wamezunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pombe hiyo ya wimbi ina machicha yanayoelea, kwa hiyo mrija usio na kichujio ungeziba mara moja. Ndiyo maana ncha ya chini huvishwa kikapu kidogo sana kilichosukwa kwa nyuzi, au siku hizi kipande cha bati kilichotobolewa matundu madogo. Mwaluhya huuita mrija huo oluseke, Mjaluo oseke, na Waiteso wa Tororo wanaujua vizuri kwa ajono, pombe yao. Sasa tenganisha kile kikapu na mrija wake. Mpe mtu asiyewahi kuketi kwenye chungu. Anaona kitu kidogo kuliko kidole, kimesukwa kwa ustadi mkubwa, kimeingia weusi, hakina mdomo wa kutosha kutilia chochote. Ataandika kuwa ni pambo, au mchezo wa mtoto. Hana ubaya, hajaona sehemu ya pili.

Mwaka 1897, huko Maikop, kaskazini mwa milima ya Kaukasi, Nikolai Veselovsky alifukua kaburi la mtu mkubwa aliyezikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Pembeni ya maiti palilala mirija minane ya dhahabu na fedha, kila mmoja mrefu kupita mita moja, na minne kati yake ilipambwa kwa fahali wadogo wa dhahabu na fedha. Veselovsky aliiita fimbo za enzi. Waliomfuata wakasema ni nguzo za kushikilia kitambaa cha kivuli juu ya mfalme. Vitu vile vikawekwa katika jumba la Hermitage, St Petersburg, na watu wakapita mbele yake kwa zaidi ya karne moja.

Lakini ncha za baadhi ya mirija zilikuwa na vipande vya fedha vilivyotobolewa matundu madogo. Fimbo ya mfalme ina haja gani ya matundu? Mwanzoni mwa mwaka 2022 Viktor Trifonov na wenzake walichapisha majibu yao katika jarida la Antiquity. Ndani ya kichujio kimoja walikuta punje za wanga wa shayiri na chavua ya mti. Wakalinganisha na michoro ya Mesopotamia inayoonyesha watu wameketi kuzunguka chungu, mirija mirefu mikononi. Wakapima hata chombo kikubwa kilichokutwa kaburini, wakaona kingetosha watu wanane kunywa pamoja. Mirija ile ilikuwa ya pombe.

Ilichukua miaka 125. Na mzee yeyote wa hapa Lunyo, au wa Tororo, angepelekwa mbele ya kabati la kioo la Hermitage akaonyeshwa zile ncha, asingehitaji siku mbili. Nalisema hili kwa uzito. Elimu ya kutambua zana za kale haikai maktaba tu. Inakaa pia kwa watu ambao mikono yao bado inafanya kazi ile, na sisi tunao. Tukiwadharau, tunajinyima wataalamu ambao hakuna chuo kinachoweza kuwatengeneza upya.

Mfano wa karibu zaidi uko Buhaya, magharibi mwa Ziwa hilihili, ng'ambo ya Tanzania. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt alikuwa akifukua matanuru ya kale huko, na maswali kuhusu mabomba ya udongo yakamshinda. Akawaendea wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma au kushuhudia, wakajenga tanuru upya, wakachoma mkaa, wakafinyanga mabomba, wakapiga mivukuto. Yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Mabomba yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru, na wao wakashikilia kuwa hewa ilipata joto ikiwa bado bombani. Wengine waliwapinga juu ya joto hilo, na ubishi ulikuwa mkali. Kwangu mimi jambo la kudumu ni njia waliyoifuata: badala ya kukaa ofisini kubuni, walimwomba mwenye ujuzi afanye, wao wakatazama.

Njia hiyo imewahi kuangusha hata makisio ya watu wakubwa. Katika maeneo ya zana za kale za mawe ya Afrika Mashariki, kama Olduvai na Olorgesailie, hupatikana mawe ya mviringo yaliyogongwagongwa pande zote. Louis Leakey alipendekeza kuwa ni mawe ya kufungwa kwenye kamba na kurushwa miguuni mwa mnyama, kama wafanyavyo wawindaji wa Amerika ya Kusini. Ni wazo zuri, na ukilisikia unaona kabisa swala akianguka. Baadaye Kathy Schick na Nicholas Toth wakachukua jiwe la kwatzi wakalitumia kama nyundo kuchongea mawe mengine, saa baada ya saa. Likawa mviringo lenyewe. Hakuna aliyelichonga, kazi ndiyo iliyoliviringisha. Mnaona tumerudi kwa lile jembe lililoliwa na changarawe.

Kuna zana nyingine ambazo siri yake imo ndani ya kitu cha pili. Mfinyanzi wa kwetu hutumia kikamba kifupi cha nyasi kilichosokotwa au kufungwa mafundo, anakiviringisha juu ya chungu kibichi ili kuacha alama. Kikamba kile peke yake ni takataka. Mjukuu akifagia nyumba atakitupa. Lakini kibonyeze kwenye udongo laini, kisha linganisha na mgongo wa chungu cha nyanya yake. Alama zitakubaliana. Ndivyo inavyothibitishwa: zana na alama yake vikutane.

Na kuna zana zisizobebeka. Kusini mwetu ziwani, katika wilaya ya Namayingo, kuna kisiwa cha Dolwe, ambacho vitabu vingi hukiandika Lolui. Miamba yake ina michoro ya kale, ina vibonde vingi vilivyochimbika kwa kusagia, na ina mawe makubwa yenye vishimo vidogo vilivyokaa pamoja. Anayeviona vishimo hivyo atasema ni bao la kuchezea, au ni kazi ya mvua. Gonga kwa jiwe dogo. Mwamba unalia kwa sauti ya chuma. Ni ngoma za mawe, na vile vishimo ni mahali mikono ilipopiga kwa vizazi. Bernard Fagg alikuwa amekwisha andika juu ya mawe ya namna hiyo huko Nigeria katika miaka ya 1950, na mwaka 1965 Merrick Posnansky na wenzake wakaandika juu ya haya ya Dolwe. Hapa jicho halikutosha. Ilibidi sikio lifanye kazi.

Kwa nini hakukuwa na mtu Dolwe wa kusimulia mawe yale yalipigwa lini na kwa shughuli gani? Kwa sababu ya malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika Uganda, hasa kandokando ya ziwa na visiwani, na chini ya Gavana Hesketh Bell serikali ikawahamisha waliobaki kutoka pwani za ziwa na visiwa. Kisiwa kikabaki kitupu kwa miaka. Watu waliporudi, hawakuwa lazima wajukuu wa walioondoka. Zana zilibaki mahali pake, wenyewe hawakurudi. Nasi wa pwani hii ya Majanji na Lunyo ni watoto wa historia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba kwenye shamba la familia yake kuna vitu ambavyo hata babu hakuweza kuvieleza.

Juu ya vyombo vya zama za ukoloni sitakaa sana, kwa kuwa vingi hujieleza. Vina maandishi. Chuma cha kigeni hupigwa mhuri: jina la kiwanda, mara nyingi Birmingham au Wolverhampton, na mara nyingine mnyama, kama yule mamba wa majembe ya Chillington. Sugua kidogo kwa kitambaa chenye mafuta, si kwa brashi ya waya, mhuri utatokea. Kimoja tu nitakitaja, kwa sababu kimesahauliwa: mashine ndogo ya mkono ya kuchambulia pamba, yenye mihimili miwili inayozungushwa kwa mkono, nyuzi zinapita na mbegu zinabaki. Zilienezwa pamba ilipoanza Uganda baada ya mwaka 1903, kisha sheria ya pamba ya mwaka 1908 ilipokuja zikaondolewa, kazi ikahamia viwandani. Zilitumika kwa muda mfupi hivi kwamba mtu akikuta vipande vyake leo huenda akadhani ni sehemu ya kinu cha miwa.

Maadui wa kazi hii ni watatu. Wa kwanza ni brashi ya waya na msasa. Mtu anaokota chuma cha kale, anakisugua mpaka king'ae, kumbe ameondoa alama zote ambazo tungezisoma. Wa pili ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa bei ya kilo moja ya chuma, jembe la mhunzi wa Samia huingia gunia moja na springi za gari, likaenda kuyeyushwa. Sisemi mtu asiuze. Njaa haingoji makumbusho. Nasema kabla ya kuuza, lipigwe picha pande zote mbili, na pembeni yake iwekwe rula. Wa tatu ni ile haraka ya kusema chombo ni cha uchawi. Tumeirithi toka kwa wageni walioandika hivyo kila waliposhindwa kuelewa, nasi tukaongeza hofu yetu wenyewe. Kwa sababu ya hofu hiyo, vitu vingi vimechomwa moto ambavyo havikuwa na kosa lolote ila kuchujia pombe au kupambia vyungu.

Kwa walimu na wanafunzi nina ombi mahususi. Mkipeleka chombo kwa mzee, msimuulize, "Mzee, hiki ni nini?" Akiulizwa hivyo atajiona yuko kwenye mtihani, na kwa adabu atawapa jibu lolote. Mwekeeni mkononi, mkae kimya. Tazameni vidole vyake vinakwenda wapi. Kama aliwahi kukitumia, mkono utakigeuza wenyewe upande unaostahili, na bega litafuata. Hapo ndipo muulize maswali, na majina myaandike kwa lugha atakayosema, iwe Kisamia, Ateso, Kijopadhola au Kijaluo, kabla ya kutafuta jina la Kiswahili. Andikeni pia mahali kilipookotwa, kina chake, na vitu vilivyokuwa jirani yake. Kipande cha bomba la udongo kilichokutwa pamoja na mavi ya chuma ni habari kamili. Kipande kilekile kikiwa kwenye kabati bila maelezo ni udongo.

Vitu mlivyoleta leo viko kwenye meza upande wa dirisha, na bado havijafutwa vumbi, ndivyo nilivyoomba. Wazee watapita kwanza. Wanafunzi wenye madaftari wasimame nyuma yao, mmoja kwa kila mzee, na waanze kuandika mara chombo kinaposhikwa, kabla mzee hajasema neno.